UZI: Kujenga sampu ya akwariamu nyumbani Goma, kwa kuanzia na umeme unapokatika

#1 Lava_Himbi (mwanzisha uzi)

Wapenzi wa samaki wa Goma, Bukavu, Uvira, Lubumbashi na popote mlipo, salamu kwenu.

Kila mtu akiuliza namna ya kujenga sampu anatumiwa video za ng'ambo. Video hizo si mbaya, ila zimetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Fundi anaonyesha kioo, silikoni, pampu, maji yanazunguka, kazi imekwisha. Hapa kwetu kazi inaanzia pale yeye anapomalizia. Umeme ukikatika saa nane za usiku, maji yaliyo juu yataenda wapi? Na ukirudi alfajiri watu wote wakiwa wamelala, mfumo utaanza wenyewe bila mtu kuugusa? Sampu ya Goma inachorwa kutokana na maswali hayo mawili, ndipo vipimo vya kioo vinafuata.

Kwa asiyeijua: sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya akwariamu, kwa kawaida ndani ya kabati. Maji ya juu yakifika ukingo wa tundu la kushushia huteremka yenyewe kwa tiyo (bomba), hupita kwenye sponji linaloshika uchafu, hupita kwenye mawe yenye vinyweleo ambamo bakteria wanaishi, kisha hufika chumba cha mwisho ambako pampu huyapandisha tena. Pampu ni moja tu, kwa sababu kushuka ni kazi ya uzito wa maji yenyewe. Ukiweka pampu moja ya kushusha na nyingine ya kupandisha hazitalingana hata siku moja, na ile yenye nguvu zaidi itamwaga maji sakafuni.

Wengine wataniambia filta ya mkebe uliofungwa ni rahisi zaidi. Ni rahisi, penye umeme wa uhakika. Umeme ukikatika, bakteria waliomo ndani ya mkebe wanaendelea kupumua. Oksijeni ya maji yale machache inaisha baada ya saa chache, bakteria wanaanza kufa na uchafu unaoza humo humo. Umeme ukirudi, pampu inayasukuma maji yale moja kwa moja kwa samaki. Sampu iko wazi, uso wake unagusa hewa, na bakteria wake wanavumilia zaidi. Kwangu sababu hiyo peke yake inatosha. Faida nyingine zipo: maji mengi zaidi kwenye mfumo, hita kufichwa chini, kusafisha bila kuwasumbua samaki.

Sasa vipimo. Akwariamu ninayoizungumzia ina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, yaani lita 240 ikijaa hadi juu. Sampu ni 90 kwa 35 kwa 35. Ndani ina kuta tatu za kioo. Chumba cha kwanza, sentimita 20, ni cha sponji, na ukuta wake una kimo cha 25 ili maji yapite juu yake. Chumba cha mawe ni sentimita 45. Ukuta wa pili ni mrefu, 30, lakini umeinuliwa sentimita 4 kutoka sakafu ya tangi ili maji yapite chini yake. Sentimita 5 mbele yake uko ukuta wa tatu, wa kimo cha 22, ambao maji yanapita juu yake na kuangukia chumba cha pampu. Kile kinjia kati ya ukuta wa pili na wa tatu kinazuia viputo vya hewa visifike kwenye pampu.

Someni hesabu hii taratibu, maana humo ndimo sakafu za watu zinapoharibikia. Umeme unakatika, pampu inasimama. Maji yaliyo juu ya ukingo wa tundu yanashuka: kama ni sentimita 2, ni lita 9.6. Hayo hayana shida. Shida iko kwenye tiyo ya kurudisha. Pampu ikizimwa, tiyo hiyo inageuka sifoni na kuvuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa. Ukiuzamisha mdomo huo sentimita 10 chini ya uso wa maji, 10 mara 120 mara 40 ni lita 48. Sampu yenye maji hadi sentimita 22 ina nafasi ya lita 41 hivi tu. Lita 7 hivi ziko chini ya zulia.

Dawa yake: mdomo wa tiyo ya kurudisha uwe sentimita 1 au 2 tu chini ya uso wa maji, halafu toboa tundu dogo la milimita 4 au 5 kwenye tiyo hiyo, kwenye usawa wa uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, hewa inaingia na sifoni inakatika. Tundu hilo litarusha mchirizi mdogo pampu ikiwaka. Lielekeze ndani ya tangi. Lipitishie kijiti kila unaposafisha, kwa sababu ukoga ukiliziba umerudi kwenye zile lita 48.

Hesabu ya pili ni ya kinyume chake. Tundu la kushushia likizibwa na konokono au jani, pampu itaendelea kupandisha maji yasiyoshuka. Itapandisha kiasi gani? Kile kilichomo kwenye chumba chake tu, maana kuta zinazuia mengine. Chumba cha pampu cha sentimita 20 kwa 35 chenye maji ya kimo cha 18 kina lita 12.6. Ukiacha sentimita 4 za kioo kikavu juu kwenye akwariamu, una nafasi ya lita 19.2. Basi hata tundu likiziba usiku kucha, maji hayamwagiki. Anayefanya chumba cha pampu kiwe kikubwa "ili maji yasiishe haraka" anaondoa ulinzi huo.

#2 Bukavu_Nguba

Aksanti sana yaya. Mimi nina akwariamu ya lita 100, samaki wako ndani tayari, ni haplokromisi wa Kivu. Sipendi kutoboa kioo. Nimeona watu wanapitisha tiyo za PVC juu ya ukingo wa kioo, maji yanavutwa yenyewe. Hiyo haifai? Na ile valvu ya kuzuia maji yasirudi, mbona hukuitaja? Inapatikana dukani.

#3 Fundi_Vioo_Birere

Nisaidie upande wa kioo, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kioo cha kawaida kinatoboka vizuri kabisa. Unahitaji keekee ya duara yenye almasi, mashine inayozunguka polepole, na maji yanayotiririka muda wote. Usikandamize, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Bandika utepe upande wa pili ili kipande kisianguke na kumegua ukingo. Tundu likae mbali na kona na ukingo, angalau umbali unaolingana na kipenyo chake. Kioo kilichotiwa moto, kama cha milango ya maduka au vioo vya pembeni vya gari, hakitobolewi: kitapasuka vipande vidogo vidogo papo hapo. Watu wengi wananiletea meza za kioo wakitaka nizigeuze tangi. Nawaambia hapana.

Kwa tangi la 120 lenye kimo cha 50 tumia kioo cha milimita 10. Sampu ya kimo cha 35 inatosha milimita 6. Silikoni iwe ile inayonuka kama siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Kwenye katoni wanaandika kama ni ya bafu na jikoni. Hiyo ndiyo yenye dawa, achana nayo. Safisha kingo kwa spiriti, gundisha, kisha acha wiki nzima kabla ya kutia maji. Wateja hawapendi kusubiri, lakini silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani. Juu inaweza kuwa kavu na katikati bado ni laini.

#4 Lava_Himbi

Aksanti mkubwa, umesema yote.

Ndugu wa Nguba, tiyo za PVC zinazopita juu ya ukingo zinafanya kazi kwa sifoni. Zikipangwa vizuri, miguu yote miwili inabaki ndani ya maji hata pampu ikizimwa, na sifoni haikatiki. Lakini viputo vidogo vinakusanyika kwenye sehemu ya juu kabisa ya tiyo, siku hadi siku. Penye umeme wa kudumu mwenyewe unaviona na kuvitoa. Kwetu umeme unakatika, vinakutana vyote juu, umeme unarudi, sifoni haianzi, pampu inapandisha maji. Kama chumba chako cha pampu ni kidogo kwa ile hesabu ya pili, hayatamwagika, ila chumba kitakauka na pampu itaungua. Kwa tangi ambalo limeshajaa samaki sikukatazi, ila weka tiyo mbili sambamba badala ya moja, na toboa kioo siku utakapojenga tangi jipya.

Valvu ya kuzuia maji yasirudi siitegemei. Ina kifuniko kidogo chenye mpira, na kipande cha ukoga au mchanga kikikaa hapo, haifungi. Inashindwa kimya kimya. Ukiiweka, iwe nyongeza tu. Sampu iwe na nafasi ya maji yote kana kwamba valvu haipo.

#5 Mama_Keshero

Habari zenu. Nina maswali mawili. Tangi letu linakaa sebuleni karibu na chumba cha mtoto, nasikia sampu zinapiga kelele kama choo kinachovutwa. Pili, kabati ni fupi, sampu haiingii. Baba wa watoto anataka kuvunja sakafu achimbe shimo tuweke sampu humo, akisema itakuwa na ubaridi na haitaonekana. Mnasemaje?

#6 Lava_Himbi

Mama, naanza na la shimo kwa sababu ni la usalama wenu: tafadhali msichimbe. Ukanda wote kati ya Goma na Sake una mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajikusanya mabondeni na mashimoni. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Mbuzi na mbwa wanakutwa wamekufa kwenye vibonde hivyo, na watu pia wamekufa. Shimo ndani ya nyumba, lenye kifuniko, ambalo mtu atainamisha kichwa ndani yake kila wiki ili asafishe sponji, si mahali pa sampu hapa kwetu. Hata bila habari ya mtu, gesi hiyo ikiyeyuka kwenye maji ya sampu inashusha pH (yaani inayatia asidi) na kuwanyima samaki pumzi. Inueni kabati. Seremala ataongeza miguu kwa siku moja.

Kuhusu kelele. Inatoka kwenye hewa inayovutwa pamoja na maji kwenye tiyo ya kushushia. Mkisimamisha tiyo iliyo wazi tu, italia kweli. Fanyeni hivi: juu ya tundu simamisheni tiyo ya milimita 40, kichwani wekeni ti (kiungo cha tiyo chenye mikono mitatu), mkono mmoja wa ti uwe na kiwiko kinachoelekea chini ili maji yaingilie chini ya uso, na juu ya ti wekeni kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Tundu likiwa dogo mno, maji yanavutwa kwa kishindo, yanakatika, yanavutwa tena. Likiwa kubwa mno, inakoroma. Anzeni na milimita 2, panueni kidogo kidogo mpaka itulie. Kule chini, mdomo wa tiyo uingie ndani ya maji ya sampu sentimita 2 tu. Ukizama sana hewa haitoki na kelele inarudi.

Kama fundi ana keekee tayari, mwambieni atoboe matundu mawili. La pili ni la akiba, lenye tiyo iliyosimama sentimita 2 juu zaidi ya la kwanza. Siku zote linakaa kavu. Siku likisikika linatiririka, mjue la kwanza limeziba.

#7 Kipushi_Samaki

Natoka Lubumbashi. Nyinyi wa Goma mna bahati ya mawe ya volkano, mnayaokota mlangoni. Sisi tufanye nini? Mawe hapa yapo mengi, mazuri ya kijani na bluu. Na makala (mkaa) je, si ndiyo yanayosafisha maji?

#8 Lava_Himbi

Kaka, mawe ya kijani usiyaguse. Hiyo ni malakita, ndani yake mna shaba, na shaba kwenye maji inaua konokono na kamba kwanza, halafu samaki. Vivyo hivyo mawe yoyote yanayotoka machimboni kwenu. Tumia vipande vya matofali ya kuchoma, yale mekundu yaliyoiva vizuri na yasiyo na saruji. Yana vinyweleo na hayana gharama. Vifuniko vya chupa za plastiki na zile nyuzi za plastiki za kusugulia sufuria navyo vinafaa, ilimradi havina sabuni. Makala ya jikoni hayafanani na kaboni ya dukani. Kaboni ile imepikwa tena kwa mvuke au dawa mpaka ikawa na vinyweleo vingi ajabu. Makala yetu yana vumbi na majivu, na kazi yake kwenye maji ni ndogo. Yaache. Hata kaboni yenyewe naiweka tu baada ya kuwatibu samaki kwa dawa, ili kuiondoa dawa kwenye maji.

Sasa niseme kuhusu lava, maana hapo Goma tuna hazina tunayoikanyaga. Mto wa lava wa Nyiragongo wa 2002 ulipita katikati ya mji, ule wa 2021 ukafika pembezoni, na kila kiwanja kina mabaki. Jiwe tunalolitaka ni lile jeusi jepesi lililojaa matundu, ambalo gesi ilitoka likiwa bado la moto. Zito na laini halitusaidii. Livunje vipande vya sentimita 2 au 3. Ukubwa huo unaacha nafasi ya maji kupita. Ukisaga mpaka changarawe, uchafu unaziba. Usichukue karibu na gereji au mahali wanapomwaga mafuta ya injini, kwa sababu matundu yale yale yanayotufaa yanashika mafuta yasitoke tena. Osha, loweka, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe. Lipange juu ya wavu wa plastiki ulioinuliwa na vipande vya tiyo, sentimita 5 kutoka chini, ili tope litulie chini na uweze kulivuta kwa mpira.

Ndani ya matundu hayo ndimo bakteria wanajenga. Kinyesi cha samaki, mkojo na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka uibadilishe kwa maji mapya. Makundi yote mawili yanataka oksijeni na mahali pa kushika. Ndiyo maana maji lazima yapite kati ya mawe bila kusimama.

Hapa nawaomba wa Goma na Bukavu msome mara mbili. Amonia iko kwenye maji kwa sura mbili: moja ina chaji ya umeme na haiwadhuru sana samaki, nyingine haina chaji na inapenya matamvua yao. Kinachoamua ni pH. Kwenye maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, sura ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo ya maji ya Kivu, inafika asilimia 36 hivi. Maana yake kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa Ulaya anakivuka salama, huku kinaua. Ongeza na kimo chetu. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yanabeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Kwenye mita 1,500 yanabeba 6.9 tu. Oksijeni ndogo, amonia kali, umeme usiotabirika: vitatu hivi vikikutana, samaki wanakufa usiku mmoja, na asubuhi mwenye nyumba anasema ni ugonjwa. Mawe yajae chumba chote cha sentimita 45. Msipunguze ili kupata nafasi ya mapambo.

#9 Uvira_Kalundu

Mjadala mzuri. Mimi nafuga Tropheus na brichardi, samaki wa ziwa Tanganyika. Huku Uvira hatuna shida ya baridi, tuko chini, ziwa lenyewe lina nyuzi 25 hadi 27. Lakini nyinyi huko juu mnaowachukua samaki wetu mnawalaza kwenye maji ya nyuzi 20. Tropheus akiwa kwenye baridi chakula hakisagiki tumboni, anavimba, anakufa. Lava_Himbi hukusema hita inakaa wapi.

Kuhusu umeme, mimi sitegemei tena mtandao. Pampu yangu ni ya volti 12, wati 25, inakula kwenye betri, na paneli ya jua inachaji. Betri ya saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Gawanya kwa 25: saa 24 za pampu bila jua. Kwa mwenye tangi dogo hata kipampu cha hewa cha betri kinatosha kuvuka usiku.

#10 Lava_Himbi

Ni kweli kaka, na samaki wenu wanastahili hiyo heshima. Hita inakaa kwenye chumba cha mawe au kwenye kile kinjia cha sentimita 5, ambamo maji hayashuki kamwe. Kwenye chumba cha pampu hapafai: maji yanapopungua kwa kuwa mvuke, ni chumba hicho peke yake kinachoshuka, na hita ikibaki nje ya maji inapasuka. Kadiria wati 1 kwa kila lita, na hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, moja ikikwama nyingine ipo. Funika akwariamu kwa kioo, kwani joto kubwa linaondoka na mvuke.

Pampu: soma vitu viwili kwenye katoni, lita kwa saa na kimo cha juu. Lita zile ni za pampu isiyopandisha chochote. Kwenye kimo cha juu kilichoandikwa, maji yanayotoka ni sifuri. Pampu ya lita 3,000 yenye kimo cha mita 2.5, ukiipandishia mita 1.3, itakupa karibu nusu. Hiyo ni mara 6 ya tangi la lita 240 kwa saa, inatosha.

Anayetumia umeme wa nyumba aweke kirekebisha volti, maana umeme unaporudi unaweza kuja mkali. Kila waya ushuke chini ya usawa wa plagi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni. Na usiingize mkono kwenye sampu kabla ya kuchomoa vyote, hata kama umeme umekatika. Unaweza kurudi mkono ukiwa ndani.

#11 Bukavu_Nguba

Swali la mwisho upande wangu. Watu wanaogopa maji ya ziwa kwa sababu ya gesi. Nikiteka bidoni ziwani naua samaki? Au nitumie maji ya mvua?

#12 Lava_Himbi

Gesi ya Kivu iko chini sana. Ni kweli ni nyingi, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, lakini imefungiwa kwenye tabaka nzito za kina, hasa chini ya mita 260. Maji ya juu ambamo sambaza (dagaa wa Kivu) wanaogelea yanachanganyika na hewa kila mwaka. Haplokromisi wako wametoka humo humo. Hata samaki wa Tanganyika wanayakubali: chumvi nyingi za Tanganyika zinaletwa na mto Ruzizi kutoka Kivu, ila Kivu ina chumvi karibu maradufu, kwa hiyo wazoeshe taratibu. Teka mbali na ufuo wa kufulia na boti, acha bidoni zitulie. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima, ukiwa na kipampu cha hewa ni bora zaidi.

Maji ya mvua siyapendi hapa. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira unaitia mvua asidi na floridi, kisha inapita kwenye bati na kuchukua zinki. Hata Bukavu ukiwa mbali na moshi, bati lipo, na maji yale hayana magadi ambayo samaki hawa wameyazoea.

Sampu ikishajengwa, tia maji bila samaki na uchomoe pampu kusudi. Tazama yanapoishia, weka alama kwa kalamu kwenye kioo cha sampu, usizidishe alama hiyo kamwe unapoongeza maji. Washa tena, angalia kama inaanza yenyewe. Kisha ziba tundu la kushushia kwa kitambaa na uone yanapofika juu. Fanya haya mchana ukiwa umesimama pale. Baada ya hapo tia chakula kidogo kila siku kwenye tangi tupu, bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6. Ukipewa sponji chafu kutoka kwenye tangi la rafiki lenye afya, muda unapungua sana. Samaki wa kwanza wawe wachache. Na siku umeme umekatika, usiwalishe.

#13 Mama_Keshero

Aksanti kwa wote. Shimo tumeliacha. Seremala anainua kabati lifike sentimita 85, na fundi wa Birere atatoboa matundu mawili. Sponji la godoro linafaa kwa chumba cha kwanza, au lazima la dukani?

#14 Lava_Himbi

Linafaa, mama, likiwa jipya na halijatiwa dawa ya kunguni wala manukato. Katia vipande viwili, chenye matundu makubwa kikutane na maji kwanza, laini kifuate nyuma. Kila wiki kamulia kimoja tu, ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye akwariamu yenyewe, si kwenye robine (maji ya bomba), kwa sababu klorini itawaua bakteria walioanza kukaa humo. Wiki inayofuata kamua cha pili. Na sentimita 85 zitakutosha kuingiza mkono juu ya sampu bila kugonga ubao.